Kikoleo cha Thelathini na Tatu

Sijawahi kutoka dukani bila nyongeza. Nilizaliwa Kariakoo, nyuma ya maduka ya vitenge, na pale mtu hujifunza kudai nyongeza kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ukinunua fungu la nyanya, unaongezewa mbili. Ukinunua kilo ya misumari, muuzaji anatupia mitano juu ya mzani uliokwisha kutulia, na asipotupia unamkazia macho mpaka atupie. Nina miaka kumi na moja Dubai na tabia hiyo haijanitoka. Wenye maduka ya Karama wananijua. Nikiinama kuingia mlangoni nasikia, "Huyo kaja, ficheni vizuri."

Ndiyo maana siku niliyotumwa vikoleo vinne nilirudi na vitano.

Nilikuwa mtunza stoo wa karakana moja Al Quoz, kati ya jengo la watengeneza sofa na ghala la vigae. Kazi yetu ilikuwa magari ya zamani ya watu wenye fedha za sasa. Siku moja arbab, mwenye karakana, akaleta makasha sita kwenye lori. Nikayahesabu, sita. Nikayahesabu tena, sita. Ndani mlikuwa na ndege, au tuseme mifupa ya ndege: mabomba ya chuma yaliyoshika kutu, mbao zilizoliwa na wadudu, kiti kimoja kizima na kingine nusu.

Ilikuwa ndege ya kufundishia urubani, ya miaka ile kati ya vita vikuu viwili, yenye mabawa ya ghorofa, jozi juu na jozi chini, yamefungwa kwa nguzo na waya. Viti vilikuwa viwili, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja na usukani wake, na sukani hizo zimeunganishwa, mwalimu akisogeza wake na wa mwanafunzi unasogea. Kiwanda kilichoiunda, huko Ulaya, kiliunda moja tu, ya mfano, kikaipeleka kwa serikali yake ionwe. Serikali ikaitazama, ikairusha, ikaisifu, halafu ikanunua ya kiwanda kingine. Yaani bibi harusi amevishwa, amepambwa, amepelekwa ukumbini, na bwana harusi akaoa jirani. Tangu hapo ililala ghalani hadi arbab alipoiona mnadani na kuipenda, akasema irudi hewani.

Fundi mkuu, mzee wa Kerala, India, ambaye sote tulimwita mistri, alikubali kwa sharti moja. Alituweka mstari siku ya kwanza, akasema kwa Kiingereza chake chenye Kiarabu ndani yake: gari likiharibika linasimama kando ya barabara. Hii haina kando ya barabara. Kwa hiyo kabla bawa lolote halijafunikwa kitambaa, zana zote zihesabiwe. Atakayeacha chombo ndani ya bawa, khalas, basi, hashiki tena ndege yangu.

Kazi ya kuhesabu alinipa mimi, na nakiri nilijisikia mtu.

Nilitengeneza ubao. Zana thelathini na mbili, kila moja nimeichorea kivuli chake kwa rangi nyeusi, ili ikikosekana kivuli kibaki kinakutazama. Vile vikoleo vinne vilikaa safu ya chini: vidogo, vyembamba, vyenye meno ya kujifunga, mfano wa vile wanavyoshika madaktari wakiwa wamempasua mtu. Vinne kwenye ubao. Cha tano, kile cha nyongeza, kilikuwa changu. Sikukiandika kwenye daftari wala kukichorea kivuli, nikakitupa kwenye droo yangu pamoja na miwani ya kusomea na tasbihi iliyokatika uzi. Nyongeza haiandikwi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hawakusema chochote kuhusu mali ambayo haikutakiwa kuwepo.

Mabawa ya ndege ile hayakuwa bati. Yalikuwa mbavu za mbao zilizovikwa kitani, na kitani hushonwa. Hapo ndipo alipoingia dada, Mtanzania mwenzangu wa Iringa, aliyekuwa akishona viti vya magari upande wa pili wa karakana. Mistri alimwona anavyovuta uzi, akamhamisha siku hiyohiyo. Dada alikata kitani na kukishona kama foronya, bawa likaingizwa ndani kama mto, halafu mdomo wa foronya ukafungwa. Baada ya hapo kinabaki kibarua kirefu cha kushona kitambaa kwenye mbavu. Bawa linasimamishwa kwa ubavu. Mtu mmoja huku, mmoja kule. Wa huku anapitisha sindano ndefu kama kisu cha mkate, wa kule anaipokea na kuirudisha, wa huku anafunga fundo. Ubavu kwa ubavu, wiki kwa wiki. Mtu wa kule nilikuwa mimi, kwa sababu mtunza stoo huwa anaonekana hana kazi.

Sikumwona uso dada kwa wiki hizo. Nilimsikia tu kupitia kitambaa.

"Kaka, sindano inakuja."

"Imefika. Nirudishe?"

"Rudisha, na usinichome kama jana."

"Jana ulijichoma mwenyewe. Sindano ilikuwa kwako."

"Ilitoka kwako ikiwa na hasira."

Unapoongea na mtu usiyemwona, maneno yanatoka bila kuvaa viatu. Aliniambia kwamba alikuja Dubai kufanya kazi za ndani, kwamba madam wake wa kwanza alikuwa akihesabu vipande vya nyama kwenye sufuria. Nikamwambia huyo angefaa kuwa mtunza stoo. Aliniambia viza yake inaisha, karatasi za kuihuisha ziko juu ya meza ya mistri, zinasubiri sahihi tu. Hilo alilisema mara nyingi. Nilikuwa nalihesabu.

Siku ya kufunga kila bawa nilisimama mbele ya ubao nikahesabu. Thelathini na mbili. Nikaanza tena kutoka chini kwenda juu. Thelathini na mbili. Mistri akitia sahihi, dada anafunga mdomo wa foronya. Mabawa manne, mara nane. Sikuwahi kukosa hata moja.

Atakayeirusha alikuwa Mkenya, mama wa Nakuru, aliyerusha ndege ndogo za watalii huko kwao kwa miaka kabla hajaja Ghuba. Tulimwita kapteni. Alikuja kila Alhamisi kukagua, na siku zote alipita kwanza stoo kwa sababu nilikuwa na chai.

"Sasa bosi. Ndege yangu iko wapi?"

"Iko palepale ulipoiacha, kapteni. Haina mabawa ya kutorokea."

"Leo naona inayo."

Kweli ilikuwa nayo. Mabawa yalikwisha kupakwa ile dawa inayokaza kitani kikawa kama ngozi ya ngoma, yakapakwa rangi ya fedha, yakafungwa mahali pake. Zilibaki siku tisa tu irushwe, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kapteni alipanda kwenye kiti cha nyuma, akakaa, kisha akaniita. Pini ndogo ilikuwa imemwangukia kwenye sakafu, katikati ya mabomba ambako vidole havifiki.

"Niletee kitu chembamba cha kuvutia."

Za ubaoni sikuwa namwazima mtu, hata rubani. Lakini nilikuwa na changu. Nikaenda kwenye droo. Miwani ilikuwepo. Tasbihi ilikuwepo. Nikatoa kila kitu, nikakiweka mezani, nikakirudisha kimojakimoja. Nikatoa tena. Halafu nikageuka taratibu kutazama ubao. Safu ya chini: vikoleo vinne, vimetulia kwenye vivuli vyao kama watoto wa shule siku ya ukaguzi.

Nilisimama pale muda. Kama changu hakipo kwenye droo, na ubaoni vipo vinne, basi mmoja kati ya wale wanne alikuwa mgeni. Na mwenye kivuli alikuwa mahali pengine.

"Umelala?" kapteni aliita.

Nikampelekea waya niliokunja ncha. "Kikoleo changu labda nimekisahau nyumbani," nikasema. Aliitoa pini, akanishukuru, akanywa chai yangu, akaondoka. Ule ndio uongo wa kwanza.

Ijumaa na Jumamosi nilifagia karakana. Nilisogeza meza, nikapekua mapipa ya taka, nikachungulia chini ya gari la arbab. Mistri aliuliza natafuta nini. Nikasema panya. Akasema akionekana nimwambie ni wangapi.

Jumapili, siku ya mapumziko, nilikwenda Oud Metha nikamsubiri dada nje ya kanisa. Alitoka na wenzake, amevaa kitenge kipya, akaniona, na kabla sijasema lolote uso ukamshuka.

"Umekijua," alisema.

"Nimekijua nini?"

"Kaka, usinichezee. Leo nimetoka kusali."

Tukasogea kwenye kivuli cha ukuta. Akanieleza. Siku ya kufunga bawa la chini la kushoto, alipita karibu na ubao akaona kivuli kimoja kitupu safu ya chini. Mistri alikuwa anakuja. Dada alijua kwamba anayeshona ndiye wa mwisho kuligusa bawa, na wa mwisho ndiye anayeulizwa. Akakumbuka kile cha kwenye droo yangu.

"Ukakitundika."

"Nikakitundika. Nilisema cha ubaoni kitaonekana chini ya meza jioni, nitakirudisha chako. Hakikuonekana. Kesho yake hakikuonekana. Halafu tukawa tunapaka dawa."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ungehesabu kwa sauti mpaka Sharjah wasikie. Karatasi zangu ziko pale mezani, kaka. Zinahitaji kalamu tu."

Nilimwambia atulie, labda hakimo ndani ya bawa. Alisema usiku hapati usingizi, akifumba macho anasikia kinagongagonga. Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa nakisikia, tena mchana, kwenye basi la kampuni.

Lazima nieleze kwa nini chuma cha urefu wa kidole kilitutia homa. Nyuma ya kila bawa la chini kuna kipande kinachopanda na kushuka. Ndicho kinachoilaza ndege kulia au kushoto. Kinavutwa na waya unaopita ndani ya bawa na kuzunguka kapi dogo la mbao. Chuma kikikwama kwenye kapi lile, usukani unakwama. Na kapteni yuko juu, na mwanafunzi wa kiti cha mbele ni arbab mwenyewe, aliyekwisha kununua miwani ya urubani.

Jumatatu nilimfuata fundi bomba wa mtaa wetu, mwenye kamera ndogo iliyo kwenye waya mrefu ya kuchungulia mitaro. Nikaikodi kwa saa moja, nikapewa saa mbili. Wakati wa chakula, karakana ikiwa tupu, niliipitisha kwenye matundu madogo ya ukaguzi yaliyoachwa chini ya mabawa. La juu kulia, safi. La juu kushoto, safi. La chini kulia, safi. La chini kushoto niliona nusu. Nusu nyingine, ile yenye kapi, ilizuiwa na waya za kukazia mbavu, na kamera ilifika pale ikageuka kama mbuzi aliyeona maji.

Basi nikaanza kupatana bei na bawa. Nilijiambia mabawa matatu na nusu kati ya manne ni safi, ni nani atakataa mali ya namna hiyo? Nilijiambia pengine kilikwenda na takataka. Nilijiambia kulipasua bawa, kulishona upya na kulipaka ni wiki sita, arbab atawaka, mistri atauliza nani, na dada atakuwa kwenye ndege nyingine kabisa, ya kwenda kwao. Kila niliposhusha bei, bawa lilikaa kimya. Muuzaji asiyejibu ndiye mbaya kuliko wote. Unajikuta unapatana na nafsi yako, na nafsi yako inajua una kiasi gani mfukoni.

Jumanne kapteni akaja bila kutarajiwa. Akapanda, akasogeza usukani kulia na kushoto, na vile vipande vya nyuma vikapanda na kushuka bila sauti.

"Angalia hii, bosi. Laini kama samli." Alikuwa anacheka peke yake. "Ati waliikataa. Hii! Wacha tu. Jumamosi tutawaonyesha."

"Kapteni, shuka kwanza."

"Kuna nini?"

"Shuka."

Akashuka. Nilikuwa nimekwisha kuamua asubuhi, kwenye basi. Dada alikuwa na karatasi zake tu mezani, mimi nilikuwa na mtengeneza sofa jirani aliyeniambia mara mbili kwamba akipata mtu wa stoo kama mimi atamchukua. Hesabu ilikuwa rahisi. Na niseme ukweli, niliipenda hesabu ile. Nilijiona mkubwa. Safari hii mimi ndiye nilikuwa natoa nyongeza.

"Nimeacha kikoleo ndani ya bawa lile," nikasema, nikaonyesha kwa kidole. "Mimi. Nikaficha kwa kutundika kingine."

Hakupiga kelele. Alivua glavu zake, moja, halafu ya pili.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwa hapa nakunywa chai yako."

"Ndiyo."

"Leo ni Jumanne. Siku ngapi hizo? Wewe si ndiye wa hesabu?"

"Tano."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena, kwa sauti. Ilikuwa tano.

Mistri alikuja na kisu. Dada alisogea naye akasimama upande wake wa bawa, mikono ndani ya aproni. Nilimtazama kumpa ishara kwamba mambo yamekwisha, asiseme neno. Mistri alipima kwa vidole kutoka kwenye kapi, akachanja kitani mraba mmoja, na sauti yake ilikuwa kama ya shuka zuri linalopasuliwa. Akamulika tochi. Akatupisha tuone.

Kilikuwemo. Lakini hakikuwa kimelala chini. Kilikuwa kimeng'ata moja ya zile waya za kukazia mbavu, meno yake yote matatu yamefungwa, wima, vidole vinne kutoka kwenye kapi. Kapteni alipima kwa mkono wake, vinne. Nikapima na mimi, vinne.

Kitu kilichoanguka hakijifungi meno. Kile kiliwekwa na mkono. Na mshonaji hafiki kwenye waya. Waya zilikuwa kazi ya mistri na yangu.

Hapo ndipo kumbukumbu iliponirudia, yote kwa mpigo, kama mtu aliyewasha taa. Nilikuwa nimeng'atisha kikoleo kwenye waya wa kukazia kiushikilie waya wa usukani kando, ili usikikwaruze kitambaa wakati foronya inavutwa. Simu ikalia. Alikuwa muuzaji wa skrubu za shaba. Nikatoka nje kwa sababu ya kelele za viyoyozi, nikapatana naye juani mpaka shati likalowa, na niliporudi foronya ilikwisha kuvutwa. Nilikuwa na furaha. Alikuwa ameniongeza skrubu ishirini. Nikaenda moja kwa moja kwenye ubao nikahesabu.

Nikainua macho. Dada alikuwa ananitazama, na niliona kwamba amekwisha kufika pale nilipofika mimi, labda mapema zaidi.

"Miezi miwili," alisema, si kwa sauti. "Miezi miwili najua ni mimi."

Niliyoyasema ili nimsitiri yaligeuka kuwa kweli tupu, na ile nyongeza niliyojivunia kutoa ilikuwa deni langu mwenyewe. Yeye hakungoja jibu. Alichukua mkasi, akaanza kufumua mafundo yake, moja baada ya jingine, kwa uangalifu, kama anayemfumua mtu nywele.

Kisha akageuka akamwambia mistri, bila kuombwa, kwamba aliyekitundika kile kingine ni yeye. Mistri alinielekea mimi akasema khalas. Kwake hakusema kitu. Kesho yake, nilipokuja kuchukua miwani yangu na tasbihi, niliona karatasi zake hazipo tena mezani, na kalamu haikuwa na kifuniko.

Nikahamia kwa mtengeneza sofa. Pale ukisahau mkasi ndani ya kiti, mteja anapiga simu tu. Mara moja nilipita mbele ya karakana, mlango ukiwa wazi. Bawa lilikuwa limesimama kwa ubavu na dada alikuwa upande wake, na upande wangu kulikuwa na Mnepali mmoja mpole. Wanapitishiana sindano. Nilisimama kidogo nikitegemea atageuka. Nilimtumia ujumbe siku hiyo, nikatuma na mwingine. Alama mbili za kusomwa zilitokea kila mara. Jibu halijaja mpaka leo.

Wiki ya saba, asubuhi, nilikuwa nahesabu miguu ya viti simu ikaita. Upepo ulikuwa mkali upande wa pili.

"Bosi. Nimeshuka."

Nilikaa juu ya rundo la sponji. "Usukani?"

"Laini. Arbab ametapika kwenye miwani yake mpya, lakini usukani laini."

"Magurudumu?"

"Yote mawili, na ule mguu mdogo wa mkia. Natazama hapa."

Nikataka kusema samahani. Nilikuwa nimeipanga wiki saba, nimeipunguza maneno mpaka ikabaki fupi. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Tazama tena."

Nikasikia buti zake juu ya changarawe, anazunguka, anasimama, anazunguka tena. Alichukua muda mrefu.

"Mawili," alisema, akakata simu.